Betri ya Mtu Mmoja

Kanyenye, Tabora
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika nimesimama kituoni, karatasi nimeiegemeza kwenye mzigo wa mtu. Konda wa basi la Ulyankulu ameniahidi kwamba ataikabidhi kwa Irambona leo hii kabla hajanywa chai yake. Tangu ile homa ikuondolee masikio nimezoea kuandika, na sasa naona hata simu zenyewe zilikuwa zinatunyima maneno. Kwenye simu tulikuwa tunaulizana habari za mvua basi.

Nina jambo moja la kukuomba ulifikirie. Irambona ananiambia dukani kwake ameanza kuleta zile betri mpya za kufunga ukutani, za lithiamu, ambazo hazitiwi maji na hazichoki kama za magari. Moja tu inaweza kuwasha taa zote za nyumba mpaka asubuhi, na friji ndogo, na hata mashine ya kazi kama ipo. Nguzo za umeme zimeishia shuleni na sidhani kama watazileta huko kwetu karibuni. Ile betri yako ya zamani, uliyorithi kwenye lori la Mzee Luhende, najua imeshakufa na unaidanganya tu kwa kuipigapiga.

Bei si ndogo, sikufichi. Ni kama mabati ya nyumba nzima. Mimi ningeweza kutoa nusu. Ile nusu nyingine unaijua iko wapi.

Huku hatujambo. Valentino amesafiri kwenda Mwanza kikazi. Kazi ya kudarizi ipo, wateja wa vitenge vya kanisani hawaishi. Nijibu mapema, Mama.

Mwanao,
Janeti


Ulyankulu
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mwanangu Janeti,

Marahaba. Barua imefika, na konda alikuwa ameshakunywa chai, maana ina alama ya kikombe.

Nimemwita Irambona nikamketisha mlangoni penye mwanga, nikamwambia aseme taratibu. Unajua midomo ikizungumza Kirundi naisoma vizuri tu, ila ikiingia Kiswahili inanipita kama basi la moja kwa moja. Nikamuuliza, kwa nyumba yangu hii betri hiyo ina faida? Akaanza kujikuna. Nikamwambia mimi ni mama yako mkubwa, usiniuzie mbuzi kwenye gunia. Ndipo akasema ukweli: kwa mtu mmoja mwenye taa moja na simu asiyoisikia, haina faida. Itarudisha gharama yake nikiwa nimeshasahaulika. Halafu akanieleza kwamba ina dhamana ya miaka kumi. Nikamuuliza, miaka kumi ya kwake au ya kwangu? Akacheka, nami nikacheka, tukanywa uji.

Kuhusu ile nusu nyingine. Pesa ya njia haiguswi. Ni jasho la tumbaku ya mwisho aliyolima baba yako, na aliniachia ikiwa imefungwa ndani ya shuka na neno lake moja, kwamba tusiwe na kitu ambacho mwanamke hawezi kukiweka kichwani akaondoka nacho. Wewe ulizaliwa hapa, huijui asubuhi ile ya kutoka Burundi. Mama yangu alikuwa na kabati la mninga. Alisimama analitazama mpaka watu wakamvuta mkono. Na hata tulipopewa uraia hapa, si walituambia kwanza tutahamishwa mikoa mingine? Miaka mingapi tulikaa hatuzibi paa, hatupandi hata mpapai? Baadaye wakasema bakini. Sawa, tumebaki. Lakini paneli yangu juu ya paa nimeifunga kwa waya, sikuipigilia misumari, na sasa unataka nitoboe ukuta nifunge chuma ambacho wanaume wawili wanakibeba kwa kupokezana.

Usinihurumie. Sijakaa peke yangu. Jumuiya ya Mtakatifu Anna walisali hapa kwangu Jumatano jioni, wakajaa mpaka kizingitini. Msalimie Valentino akirudi.

Mama yako,
Esperansi


Kanyenye, Tabora
Jumapili, 15 Juni 2025

Ndugu yangu Irambona,

Hujambo? Hii usiisome mbele ya Mama. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ningelia na wewe ungesema maneno ya kunituliza, na mimi sitaki kutulizwa, nataka unisaidie.

Valentino hakusafiri. Amehamia Mwanza kwa mwanamke mwingine tangu kabla ya Pasaka, na nyumba hii ameshaiuza. Mwenye nyumba mpya ni mtu mwema, ameniacha nikae mpaka mwisho wa Agosti. Nimebaki na kitanda, vyombo na ile cherehani yangu ya umeme ya kudarizi. Nakula mezani peke yangu na nimeanza kuongea na mashine. Juzi nilijikuta nainyamazisha kwa sababu mtu alikuwa anapita dirishani.

Nataka kurudi nyumbani, Irambona. Nikipata umeme wa kuendesha mashine ninaweza kuishi hapo hapo, nikadarizi sare za kwaya za Urambo na Ulyankulu nzima, nisiwe mzigo kwa mtu. Ndiyo maana ya betri. Bila betri ningerudi na mashine iliyokufa, nikawa mwanamke aliyeachwa anayekula ugali wa mama yake.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Ulikuwepo kwenye harusi yangu. Unakumbuka Mama alivyosimama mbele ya wakwe akasema, sasa ninaye mtoto mmoja ambaye hatahama tena. Watu walipiga vigelegele, yeye akalia. Mtoto wake mwingine, Karoli, yuko machimbo ya Kahama leo, Geita kesho. Mimi ndiye niliyebaki mahali pamoja, na hiyo ndiyo furaha aliyokuwa nayo. Nitaanzaje? Nataka yeye mwenyewe akubali betri kwanza, nyumba iwe na nafasi ya kazi yangu, halafu nije kama mtu aliyevutiwa na nafasi.

Mshawishi. Lakini usimwambie neno la Valentino. Niapie.

Dada yako,
Janeti


Ulyankulu
Ijumaa, 20 Juni 2025

Dada Janeti,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya paa la watu, nikashuka kabla ya kumaliza kazi. Pole sana. Valentino nilimheshimu, sasa sijui niiweke wapi heshima yenyewe.

Umenipa mtihani. Mama mkubwa aliniuliza kama betri ina faida kwa mtu mmoja, nami nilimjibu kama fundi. Kwa mtu mmoja ni hasara. Kwa watu wawili wenye mashine ya kazi inajilipa, na mapema. Lakini siwezi kumpa hesabu ya watu wawili bila kumtaja wa pili, na wewe umeniapisha. Nikiisifia tu, ananiambia natafuta mteja. Ameanza kuniita Bwana Dukani.

Na kuna jambo alilonikataza mimi nisikuambie. Kwa kuwa ninyi wawili mmenigeuza sanduku, acha nilifungue upande mmoja.

Jumuiya hawakusali kwake Jumatano. Hawajasali kwake tangu Kwaresima. Hakuna aliyemkosea. Shida ni kwamba Mama mkubwa anasikia kwa macho. Mchana, ukimkalia mbele, mnaongea kama zamani, anatania, anakushinda. Jua likizama haoni midomo. Kile kijitaa chake kinaonyesha kikombe kilipo, hakionyeshi mtu anasema nini. Kwa hiyo watu wanakuja, wanasema, anatazama gizani na kutabasamu mahali pasipo na kichekesho, mpaka wenyewe wanaona wanamtesa. Wameacha kuja jioni. Saa kumi na mbili anafunga mlango, na kuanzia hapo hana wa kumwona wala wa kumsikia. Mke wangu Apolinaria alimkuta siku moja amekaa na kitambaa cha kichwa cha kutokea, tayari kwa wageni.

Kwa hiyo hata akiwa mmoja inamfaa, ila si kwa hesabu ninayoijua mimi. Mwandikie mwenyewe. Usinitaje.

Mdogo wako,
Irambona


Kanyenye, Tabora
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nimekawia kwa sababu niliandika na kuchana, na karatasi nazo zina bei siku hizi.

Narudi kwenye betri, usichoke nami. Umesema kwa mtu mmoja haina faida, na Irambona kasema hivyo hivyo, sawa. Na kama nyumbani pangekuwa na watu wawili? Sisemi mgeni wa siku mbili. Nasema mtu wa kukaa, mwenye kazi yake ya mikono, asiyekuomba chochote zaidi ya chumba kile cha nyuma ulichojaza magunia ya maharage. Mngewasha taa kubwa jioni mkaonana. Angekuwa anakaa mbele yako, anakusimulia ya siku nzima, nawe unamwona. Nyumba ingekuwa na mtu wa kuuliza umelala vipi.

Nakuuliza tu, Mama. Mtu kama huyo ungempokea? Hata kama hakuja kwa hiari yake yote, hata kama ni mtu ambaye mambo yake yameharibika kidogo? Nijibu kutoka moyoni, kwa sababu jibu lako ndilo nitakalolifuata.

Mwanao,
Janeti


Ulyankulu
Jumatano, 9 Julai 2025

Janeti,

Umeniambia nijibu kutoka moyoni, basi usikasirike.

Nimejua unachofanya. Unanitafutia mtu. Padre alishaleta habari hiyo, kwamba kuna wasichana wa kukaa na wazee. Kumbe mmeongea. Nani kakuambia kwamba sionani na watu jioni? Ni Irambona, au ni yule mke wake anayepita na ndoo akichungulia?

Sitaki mtu nyumbani mwangu. Umesahau yule mwalimu wa kike niliyemweka baada ya msiba wa baba yako, aliyefukuzwa alikopanga? Nilimwonea huruma nikampa hicho hicho chumba cha nyuma. Alikula, akanuna, akanifungia mlango. Mtu anayekuja kwako kwa sababu hana pa kwenda hakupendi, anapenda paa. Kila akikutazama anaona alichopoteza. Kuliko kukaa na mtu wa namna hiyo ni afadhali nikae na maharage yangu, hayaninunii.

Kama unataka nisikae peke yangu, uje wewe unitembelee. Una miezi hujaja, na basi ni la nusu siku. Lakini najua una nyumba yako na mume wako, na sitaki uyaache hayo kwa ajili yangu. Mimi nikiwaza kwamba uko Kanyenye, kwenye nyumba yako ile yenye mlango wa bluu, nalala. Hiyo ndiyo taa yangu.

Betri tuiache. Usiniandikie tena habari zake.

Mama yako


Kanyenye, Tabora
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimekuelewa. Sitaandika tena habari za betri.

Nitakuwa na safari kidogo, kwa hiyo usishangae nikikaa kimya. Kula vizuri. Usipande juu ya kiti kufuta paneli, mwite Irambona.

Janeti


Kanyenye, Tabora
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Ndugu yangu Irambona,

Konda atakushushia mzigo wangu pamoja na barua hizi mbili. Ile ndogo ni ya Mama. Mzigo ni mashine. Nimeifunga kwenye blanketi mbili, usiilaze. Itafutie mnunuzi huko, hata mwalimu, hata masista, usiiuze kwa mtu atakayeifanya meza.

Mama amejibu. Amesema mtu asiye na pa kwenda anapenda paa tu. Najua hakujua kwamba ananisema mimi. Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitafuta mahali pa kujiambia hivyo, na kila nikifika kwenye lile neno naliona ni langu. Labda ni kweli. Labda ningekuja nikakaa mbele yake nikimtazama na kuona nilichopoteza.

Nimepata kazi ya kupikia mafundi wa reli mpya, kambi iko upande wa Goweko. Wanalala kwenye makontena na mimi nitapewa kitanda. Usinisikitikie, kuna kelele nyingi na mimi nazihitaji. Mwisho wa mwezi nitamwandikia kana kwamba bado niko Kanyenye. Barua zake zikija, zipitishe kwa dada wa duka la mahindi pale kituoni, anaitwa Tunu, atanifikishia.

Asante kwa kutunza kiapo.

Janeti


Ulyankulu
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwanangu Janeti,

Nakuandikia Goweko. Ndiyo, najua uko Goweko, kwa hiyo ile barua yako ya juzi iliyoandikwa Kanyenye juu, yenye habari za wateja wa vitenge, nimeiweka pembeni. Unadarizi vizuri, lakini kudanganya hujui.

Sikiliza ilivyokuwa. Ijumaa nilikwenda kwa Irambona kuomba chumvi. Apolinaria alikuwa jikoni, nikaingia ndani nikaona blanketi. Lile blanketi la kijivu lenye ua jekundu pembeni, ulilolidarizi wewe ukiwa msichana, ukaliunguza na pasi. Nikalifunua. Nikaona mashine.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Mimi ni mtu niliyetembea na mzigo, Janeti. Najua mtu anatanguliza nini na anaacha nini. Mwanamke mwenye kazi hatoi mashine yake nyumbani. Nikajua kwamba nyumba yenye mlango wa bluu haipo.

Irambona alipofika nilimshika kidevu, nikamgeuza dirishani, nikamwambia sema. Akafumba mdomo kabisa. Nikamwambia nitakaa hapa mpaka usiku na usiku sioni, kwa hiyo una mpaka saa kumi na mbili. Akasema ameapa. Nikamwambia kiapo ni cha kutosema, basi nionyeshe. Akaingia ndani akaniletea barua zako, akaziweka mapajani mwangu, akatoka nje akasimama amenipa mgongo. Usimgombeze. Alilia, na mtu mzima yule.

Nimezisoma zote. Halafu nikarudi nyumbani nikaitoa ile uliyoniandikia mimi Julai, nikaisoma tena, na safari hii nilikuona. Ungempokea, hata kama mambo yake yameharibika kidogo? Mama gani anasoma hilo asimjue mtoto wake? Nilikuwa nimeshughulika kujificha mimi, nikadhani na wewe unanichungulia, kumbe ulikuwa mlangoni unabisha hodi. Nami si unajua kwamba sisikii.

Yale niliyoyaandika juu ya yule mwalimu yafute. Yule hakuwa mtoto wangu. Ningetaka nikuambie maneno makubwa lakini sina. Najisikia vibaya sana.

Na lile la harusi. Nilisema hutahama tena, ndiyo. Nilikuwa na furaha, sikuwa nakufunga kamba. Miaka yote umekaa na mume yule ukiwaza kwamba ukiondoka utaniua? Hukuhama wewe, mwanangu. Nyumba ndiyo iliyokuhama, na hilo kwetu si aibu, ni jambo tunalolijua.

Habari alizokupa Irambona ni kweli pia. Jioni sioni watu na watu wameniacha. Nilikuambia wamejaa mpaka kizingitini. Nilikuwa naona haya. Ni upweke mbaya, Janeti, kukaa na mtu gizani akasema neno nawe ukalikosa, halafu akaacha kusema. Hilo la upweke sikumwambia mtu yeyote mpaka leo hii.

Jana nilifungua shuka la baba yako. Nilikaa nalo kwanza, nikamweleza. Nikamwambia kwamba pesa ya njia ni ya kumpeleka mtu mahali salama, na sasa anayesafiri si mimi. Sijui kama amekubali, na kwa vyovyote hata angejibu nisingemsikia.

Irambona na kijana wake wa kazi, Mahona, wameileta mchana huu baada ya misa. Wametoboa ukuta, vumbi limejaa hadi kwenye sufuria. Nimewaambia wakishamaliza wapande na juu, paneli waipigilie misumari. Nusu yako sikuihitaji, Irambona kanipa nafuu ya ndugu na iliyobaki nitamlipa kwa maharage, na yeye anayapenda. Chumba cha nyuma kimetoka magunia. Mashine iko humo, karibu na dirisha. Nimeiwasha mwenyewe, haikuniuma.

Sasa hivi ni jioni, naandika chini ya taa kubwa, na nyumba yote naiona, pembe zote, na hakuna mtu ndani yake. Irambona anasema hesabu yake haijabadilika, kwa mtu mmoja betri hii ni hasara.

Basi la kuja huku linaondoka kituo cha Tabora saa nane. Usinijibu kwa barua.

Mama yako,
Esperansi